Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Sahani za Santuri

Ndugu msomaji, iwapo uko Lamu au Tanga, au biashara imekupeleka bara ya kusini hata ukafanya maskani Njombe au Makambako, hapana shaka jina la Siti binti Saad limekwisha kukufikia. Lakini wengi wetu twalijua jina tu. Tulijuao tunadhani lilikuwa lake tangu kuzaliwa, nalo halikuwa hivyo. Mwanamke huyu alipozaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliitwa Mtumwa.

Zingatia jina hilo na zama zake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani mpaka ilipotolewa amri ya mwaka 1897. Na masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Saad, baba yake, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Basi binti huyu alikulia katika nchi ambayo mtu huulizwa kwanza asili yake, kisha ndipo huulizwa habari zake. Hakuwa na mali wala jamaa wakubwa. Kazi yake ilikuwa ya vyungu, akivichukua kwenda kuviuza na kuvinadi kwa sauti yake. Sauti hiyo ndiyo mali pekee aliyojaliwa na Mola wake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko taarabu ilikuwako tayari, lakini ilikuwa ya wenyewe. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri kwa ajili ya jumba lake, na mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mwenye kuuza vyungu hakutazamiwa kukaa katika baraza hiyo.

Siti alifunzwa kuimba na ala na mabwana wa fani, kisha akakaa na wenziwe waliojua kazi yao: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Aliweza kuimba kwa Kiarabu na kwa Kihindi, lakini jambo lililomtenga na waliomtangulia ni kuimba kwa Kiswahili, lugha ya mchukuzi, ya mpishi na ya mama wa Ng'ambo. Hapo ndipo watu walipoanza kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Watukufu walimwalika majumbani mwao, na maskini walijaa barazani kwake.

Wenye husuda hawakukosa. Walimkejeli kwa nyimbo, wakautaja umaskini wake na sura yake. Naye hakutukana. Alijibu kwa wimbo uliokumbusha kwamba uso si kipimo cha mtu, na jibu lake limeishi kuliko kejeli zao.

Mwezi wa Machi, mwaka 1928, kampuni ya His Master's Voice iliwachukua yeye na wenziwe hadi Bombay, zikatiwa nyimbo zao katika sahani za santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufikia hapo. Sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na Kiswahili kikasikika katika mikahawa na majumba ambayo yeye mwenyewe hakuyakanyaga.

Je, aliimba nini? Mapenzi yamo, lakini yamo na mengine mazito. Wimbo wake wa Kijiti ulitokana na mauaji ya kweli. Mgeni wa kike mwenye mimba, aliyetoka Dar es Salaam, alirubuniwa akapelekwa ngomani, akauawa na mtu aliyeitwa kwa jina hilo. Muuaji akavuka kwenda bara. Na wenziwe wa yule marehemu waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioangukiwa na hatia. Katika mji ambao mwanamke maskini hakuwa na wa kumsemea, ushahidi uliokataliwa na hakimu ulipokewa barazani, ukahifadhiwa hata leo.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, aliyeonana naye katika siku zake za mwisho, alimwandikia wasifu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza. Na mwaka 1988 chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Ndugu msomaji, katika suala la ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana, na kila nyumba ina mwalimu wake. Lakini katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, hapana hitilafu: mbora wetu mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu, wala nasaba haikutajwa kuwa kipimo. Basi tujiulize: ni mara ngapi mchumba amekataliwa majumbani mwetu kwa sababu ya babu yake? Ni mara ngapi mtumishi ameitwa kwa jina la kumdhalilisha, na watoto wakasikia wakajifunza? Aliyeitwa Mtumwa alikuja kuitwa Siti na midomo ile ile ya watu wa mji. Tuwafunze watoto wetu waanze na jina hilo la pili, wasimngoje mtu mpaka awe mashuhuri ndipo wamheshimu.