Nani Alipigana Maniema Mwaka 1892?

Vita vilivyoitikisa Maniema, mashariki mwa Kongo, kati ya 1892 na 1894 viliandikwa kwanza na washindi. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la kamanda Mbelgiji Francis Dhanis, alitoa kitabu chake mwaka 1897, akisema kwamba Wazungu waliwang'oa Waarabu wauza watumwa. Mjini Brussels, mnara uliozinduliwa 1921 unawasifu askari Wabelgiji kwa jambo hilo hilo.

Wanahistoria wa siku hizi wameuliza swali jingine. Hao askari walikuwa nani? Pande zote mbili, wengi walikuwa watoto wa nchi hii. Miji ya Waarabu ilianguka, Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili, na ushindi huo ungekuwa mgumu sana bila Ngongo Lutete wa Ngandu, aliyemtumikia mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip kabla ya kuhamia kwa Wabelgiji mwaka 1892. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba 1893, Wabelgiji hao hao walimpiga risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi iliyodai ni msaliti.

Julai 1895 askari wa Luluabourg, Kananga ya leo, wakaasi, na miongoni mwao walikuwamo waliomtumikia Ngongo. Wakoloni wakauita uasi wa Watetela. Mtafiti Thomas Turner ameonyesha kwamba waasi walitoka katika makabila mengi, na kwamba utawala wa kikoloni ndio uliolikaza jina hilo. Baadaye mipaka ya utawala ikawaacha Watetela upande wa Kasai na Wakusu upande wa Maniema. Kwa watu wa Tunda, katika eneo la Kibombo, mpaka huo unapita katikati ya ndugu.

Baada ya uhuru, uasi ule ukapewa heshima ya upinzani wa mwanzo wa taifa. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza na Mtetela wa Onalua, akawa shujaa wa nchi nzima. Mobutu mwenyewe alimtangaza hivyo mwaka 1966, naye ni miongoni mwa waliomwangusha. Jino la Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji Juni 2022, umati ulilipokea kama mwili mzima.

Ninaiunga mkono kazi hiyo ya kuirudisha historia mikononi mwetu. Ila sikubali Ngongo Lutete asafishwe. Kabla ya kuuawa na wakoloni alichoma vijiji na kuteka watu, na waliotekwa walikuwa wa kwetu pia. Tippu Tip naye, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza mashambulizi yake bila kuona haya. Kitabu cha shule kinachofundisha uasi wa 1895 kianze na vijiji hivyo vilivyochomwa, ndipo kifike kwenye bunduki za Luluabourg.