Goma: njia ya pili ya mtandao ilianzia kwenye foni

Kabla ya simu ya mkononi kufika Goma, mfanyabiashara aliyetaka kujua kama mzigo wake umetoka Walikale alikwenda kwenye foni. Simu za serikali zilikuwa zimekufa siku nyingi. Foni ilikuwa redio ya mawimbi mafupi: waya juu ya paa, betri ya gari chini ya meza. Mtu alisubiri zamu yake, kisha akapaza sauti. Siri haikuwepo, kwani kila aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia bei yako. Lakini foni haikutegemea mnara wala umeme wa mji.

Miaka ya 2000 simu za mkononi zikaenea, na foni ikabaki kwa parokia na mashirika. M-Pesa ilipoanza Congo mwaka 2012, kioski kidogo kikaanza kuishi kwa mtandao. Familia iliyokimbia vita ilisubiri hapo dola chache kutoka kwa ndugu aliye mbali. Mtandao ukianguka, pesa iko kwenye simu na watoto wanalala njaa.

Wengi walijikinga kwa kuweka laini mbili kwenye simu moja. Kinga hiyo ilipimwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilipofunga intaneti nchi nzima. Haikurudi hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Makampuni yote yalifunga pamoja, hivyo mwenye laini mbili za Congo alikuwa sawa na mwenye moja. Watu wa Goma wakasogea karibu na mpaka na laini za Rwanda mkononi, maana minara ya Gisenyi inafika upande huu. Hata siku za kawaida, mnara mmoja unaweza kubeba mitambo ya makampuni mawili. Ukizimika, yote mawili yanapotea.

Baharini ni hivyo hivyo. Tarehe 16 Januari 2020, nyaya mbili za chini ya bahari, WACS na SAT-3, zilikatika siku moja katika korongo refu lililo mbele ya mdomo wa mto Congo. Agosti 2023 maporomoko ya matope yakazikata tena huko huko. Mei 2024 ikawa zamu ya Bahari ya Hindi: EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa hiyo laini ya Gisenyi nayo si dawa ya kila ugonjwa. Mwenye duka anayeongeza laini anapaswa kwanza kuuliza inapitia wapi.

Halafu ikaja Januari 2025. Vita viliingia mjini, na umeme ukakatika. Simu isiyo na moto haina faida, hata ikiwa na laini tatu. Waliokuwa na paneli ndogo ya jua walichaji simu za majirani, na betri ya gari ikarudi chini ya meza.

Kutoa pesa kwa kubonyeza namba hakuhitaji mega, lakini kunahitaji mnara ulio hai. Mnara ukinyamaza, kilichobaki kioskini ni daftari: jina, kiasi, saa, sahihi ya mteja, mpaka mtandao urudi.