Azada Juu ya Ngamia: Kisa cha Bahram Gur katika Vyombo vya Fedha na Shaba

Aghalabu mhakiki wa fasihi aonapo picha iliyochongwa katika sahani ya kale hukimbilia kitabuni kutafuta kisa chake, kana kwamba fundi wa madini alikuwa mfasiri tu wa mshairi. Mazoea haya yanakwama mbele ya sahani moja ya fedha iliyotiwa dhahabu, kazi ya Wairani wa enzi ya Wasasani, iliyomo katika Metropolitan Museum of Art, New York. Inakadiriwa kuwa ya karne ya 5. Mfalme amempanda ngamia akiwinda swala, na nyuma yake ameketi mwanamke aliyechorwa kwa umbo dogo mno. Hao ni Bahram Gur, yaani Bahram wa Tano aliyetawala 420–438, na Azada, mpiga kinubi wake. Firdausi alikamilisha Shahnama mwaka 1010. Sahani, basi, imeutangulia utenzi kwa takriban karne tano.

Kwa Firdausi, Azada anamtaka mfalme ageuze swala dume kuwa jike na jike kuwa dume. Bahram anaziondoa pembe za mmoja kwa mshale. Mwingine anamchoma mishale miwili kichwani, ikawa mfano wa pembe. Wa tatu anamshona mguu na sikio pamoja. Azada anawaonea swala huruma na kumlaumu mfalme. Jibu lake ni kumwangusha na kumkanyagisha ngamia.

Sahani inakoma kwenye ustadi wa mpiga mishale. Adhabu haimo.

Je, ni kwamba sehemu ya pili ya kisa ilikuwa haijatungwa? Yawezekana, lakini ushahidi wa baadaye unatahadharisha. Birika la shaba lililotiwa fedha na Shuja ibn Mana mjini Mosul mwaka 1232, ambalo sasa limo British Museum, lina wawili hao juu ya ngamia, miongoni mwa wanamuziki na wawindaji wengi. Hapa pia Azada hajaanguka, ingawa utenzi ulikwisha kuenea kwa karne mbili. Bakuli za udongo zilizopakwa rangi Iran katika zama hizo hizo, kwa upande wake, zaweza kumwonyesha mara mbili katika duara moja: amepanda, na amelala chini ya kwato. Kwa hiyo kimya cha birika si lazima kiwe ujinga wa fundi. Chombo cha kuwanawishia wageni wa mkuu kilihitaji mfalme hodari, si mfalme aliyeshindwa kuvumilia neno la mwanamke.