Mringaringa, Mti wa Kivuli wa Nyumbani

Kahe ni nchi tambarare iliyo kusini-mashariki mwa mji wa Moshi. Katika vitabu vya historia hutajwa kwa mambo mawili. Kwanza, ndipo reli ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, ilipounganishwa na njia ya Voi iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Pili, ndipo majeshi ya mataifa hayo mawili yalipopigana mwezi Machi 1916. Lakini nchi hii ina historia nyingine, ndefu kuliko ya reli na vita, nayo ni historia ya maji na miti.

Mvua ya Kahe ni haba na jua lake ni kali. Hata hivyo, chemchemi kama ile ya Miwaleni hububujika, na Msitu wa Kahe husitawi kwa maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo yametoka Kilimanjaro: yalinyesha mlimani, yakazama katika udongo uliokingwa na miti, kisha yakachomoza tambarare. Kwa hiyo anayetaka kuielewa Kahe hana budi kupanda kwa fikra hadi kwenye mitelemko ya mlima, akatazame namna watu wa huko walivyoishi na miti yao.

Huko mlimani nyumba ya Mchaga imezungukwa na kihamba, yaani shamba la ukoo lirithiwalo kizazi kwa kizazi na ambalo aghalabu hupakana na la jirani kwa safu ya masale. Wazee waliolifungua shamba hilo msituni hawakufyeka kila kitu. Waliibakiza miti waliyoijua faida yake, na mingine wakaipanda: mfuruanje wenye matawi mapana, msesewe, ambao magome yake hutiwa katika mbege, na mringaringa, ambao ndio tunaokusudia kuueleza hapa. Chini ya miti hiyo ilisimama migomba, na chini ya migomba viazi vikuu na magimbi. Mifongo, yaani mifereji ya asili, ilipitisha maji katikati. Johannes Rebmann alipofika nchi ya Wachaga mwaka 1848, migomba hiyo ilikuwa imekwisha kusitawi.

Mringaringa, ambao wataalamu huuita Cordia africana, si mti wa kutisha kwa ukubwa. Mara nyingi shina lake ni fupi na huenda limepinda, na kilele chake ni cha mviringo. Maua yake ni meupe, yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda. Mbao zake zimetumika kwa mizinga, ngoma, vinu na samani. Majani yake mapana hulishwa mifugo, na yaangukapo huoza yakawa mbolea. Kwa hiyo aliyeuacha mti huu karibu na nyumba yake alipata kivuli, asali, mbao na rutuba mahali pamoja.

Mwishoni mwa karne ya 19, mapadri wa misheni ya Kilema walileta mche wa kahawa. Yafaa tukumbuke asili ya mche huo. Kahawa ya arabika ilizaliwa katika misitu ya Ethiopia, chini ya vivuli, na miongoni mwa miti inayoikinga huko ni mringaringa huu huu, ambao Waamhara huuita wanza. Kahawa ilisafiri ikapitia Yemeni na visiwa vya Bahari ya Hindi, na ilipofika Kilimanjaro ilimkuta jirani yake wa zamani akiisubiri. Wakulima wakaipanda katikati ya migomba bila kukivunja kihamba. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakuza kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha za kahawa zilijenga shule na kusomesha watoto. Tunapousifu ushirika huo, ni haki tukikumbuke pia kivuli kilichoitunza kahawa yake.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1984 watafiti waliandika kwamba wastani wa kihamba ulikuwa hekta 0.68, na urithi unazidi kugawanywa. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Wakulima wengi waling'oa kahawa wakapanda mahindi na mboga, mazao yatakayo jua, na miti ya kivuli ikauzwa mbao. Mahali pengi mgrivea kutoka Australia, ambao hukua upesi, umechukua nafasi ya miti ya asili. Hatumlaumu mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa. Hata hivyo, mti ukikatwa kwa siku moja, kivuli chake hakirudi kwa miaka mingi, na hasara humfikia hata yule wa Kahe anayengojea maji chini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Heshima hiyo haitakuwa na maana kama sisi wenyewe hatujui kuotesha mche.

Kuotesha si kazi ngumu. Matunda ya mringaringa yaivapo huwa ya manjano na yana utomvu unaonata. Huokotwa, yakaoshwa, na mbegu zikapandwa kitaluni penye kivuli chepesi. Wengine huhamisha miche iliyojiotea chini ya mti mzazi. Mche hupandwa masika yanapoanza, katika shimo lenye samadi, hatua kadhaa kutoka ukuta wa nyumba. Uzungushiwe uzio, kwa maana mbuzi hawana subira. Kahe, ambako kiangazi ni kikali, upandwe karibu na mfereji au pale yamwagwapo maji ya kuoshea vyombo, na umwagiliwe mpaka mizizi yake ishike. Matawi ya chini yapunguzwe mti ukiwa mchanga. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Mwalimu anaweza kuanza na mche mmoja uwanjani mwa shule. Wanafunzi nao wawaulize wazee majina ya miti ya vihamba vyao na kazi ya kila mmoja, wayaandike, kisha waupande mti mmoja kati ya hiyo nyumbani kwao. Babu zetu waliibakiza miti ambayo wao wenyewe hawakuimaliza kuitumia. Sisi tunakaa kivulini mwake, na watoto wetu watauliza tuliwapandia nini.