Kabuti la Chombo

Mwaka 1691, hati ya kifalme ya koloni la Massachusetts ilitenga miti yenye kipenyo cha inchi 24 na zaidi, ile isiyokuwa ya mtu binafsi, iwe milingoti ya manowari za Uingereza. Wakaguzi wakaingia msituni na mashoka, wakawa wanachanja magomeni alama ya mshale, mapigo matatu yaliyokutana kama unyayo wa kuku. Kutafuta umri wa kabuti la kijeshi la Kiingereza kunaanzia kwenye alama hiyo. Ilipofika Sheria ya Mali ya Umma ya 1875, mshale ulikuwa umeshagongwa kwenye bunduki, mablanketi, masanduku na nguo za serikali, na kuufuta ili kuificha mali hiyo lilikuwa kosa la jinai. Basi mtu akikuletea kabuti la ngozi ya kondoo akiapa kwamba lilivaliwa na baharia wa Kiingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, lipindue ndani uutafute mshale. Wengi huanza kusifia kola. Kola haithibitishi kitu.

Koti la kondoo lililopata sifa kuliko yote vitani lilitoka angani. Leslie Irvin, Mmarekani fundi wa miavuli ya kurukia, alifungua kiwanda Letchworth, Uingereza, mwaka 1926, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akatengeneza koti fupi la marubani, manyoya ndani na ngozi nje, kwa sababu ndege za wakati huo zilikuwa wazi na huko juu baridi ilikuwa ya kuua. Mei 1939 kikosi cha ndege za manowari kikarudishwa mikononi mwa wanamaji, na marubani wake wakaendelea kuvaa koti lile lile. Hapa ndipo wajuzi wa nusunusu wanapojikwaa: wakiona taji na herufi A.M., alama ya Wizara ya Anga, wanaamua kwamba koti haliwezi kuwa la mwanamaji. Linaweza. Mgongo nao una habari zake. Makoti ya mwanzo yalikatwa kwa vipande vikubwa vya ngozi, mishono michache. Vita vilipokolea, mafundi wakaunga vipande vidogo vidogo ili kisipotee hata kipande, na mishono ikazidi.

Baharini nako, Agosti 1941 msafara wa kwanza wa meli ulitoka Iceland ukafika Arkhangelsk salama, umebeba shehena ya kuwasaidia Warusi vitani. Hadi Mei 1945 ilikwishapita misafara 78 katika njia hiyo ya kaskazini, na mmoja wake, PQ 17, ulizamishiwa meli 24 za mizigo Julai 1942 na nyambizi na ndege za Wajerumani. Mawimbi yalirusha maji juu ya sitaha yakaganda yalipoangukia, na mabaharia wakayavunja kwa shoka na nyundo usiku na mchana, maana barafu ikizidi juu, chombo hupinduka. Aliyeteseka zaidi ni mlinzi wa zamu, amesimama darajani bila paa, darubini machoni, haruhusiwi hata kutembea ili apate joto. Huyo ndiye aliyehitaji kabuti la kondoo. Wengine walipewa makabuti ya sufu nzito yenye kofia, na yalikuwapo yaliyojazwa sufi, hii hii tunayojazia mito. Mwaka huo huo wa 1942 meli nyingine za jeshi la majini la Uingereza zilitia nanga Kilindini chini ya Admirali Somerville, na mabaharia wake walikuwa wamevaa kaptura.

Kabuti la zamu halikuwa la mtu. Lilikuwa mali ya chombo: anayepanda zamu analivaa, anayeshuka analivua, na mwenzake analipokea lingali na joto la aliyetangulia. Ndiyo maana lilishonwa pana, limwingie mnene na mwembamba, tena juu ya nguo nyingine. Nguo zake mwenyewe baharia wa Kiingereza alizitia jina kwa muhuri wa mbao uliochovywa rangi. Kwa hiyo jina la mtu ndani ya kabuti la zamu, hasa likiwa na hadithi ya babu, lisikuharakishe kutoa pesa. Mimi huiamini mishono kuliko ukoo wa muuzaji.

Kwa Wamarekani kazi ni nyepesi kidogo. Tafuta herufi USN, lebo yenye namba ya mkataba inayoanza na NXs, au herufi AN za vazi lililokubaliwa na jeshi la nchi kavu na la majini pamoja. Zipu iwe ya chuma, Talon, Conmar au Crown. Lakini lile koti lao mashuhuri la sitahani, N-1, ni la kitambaa cha pamba na manyoya ya alpaka ndani. Halina ngozi ya kondoo, hata muuzaji aape vipi.

Vita vilipokwisha, bohari zikamwaga akiba yake sokoni. Wafanyabiashara Harold na Freda Morris waliuza makabuti ya sufu ya wanamaji, wakaanzisha kampuni ya Gloverall mwaka 1951, na akiba ilipokauka wakashona mapya. Ya jeshi yalifungwa kwa vijiti vya mbao na kamba. Ya kwao yakapata vifungo vya pembe na vitanzi vya ngozi. Miaka ya 1960 na 1970 kabuti la kondoo likawa vazi la wenye magari na watu wa mpira, kama lile lililomtambulisha John Motson, aliyekuwa mtangazaji wa mpira wa BBC. Hayo ndiyo yanayozagaa leo, na mengi yameshapandishwa cheo kuwa ya vitani.

Kuyashusha cheo si kazi kubwa. Namba ya tarakimu 13 kwenye lebo ni ya NATO, umoja uliozaliwa 1949, hata mshale ukiwa pembeni yake, kwani Waingereza waliendelea kuugonga baada ya vita. Zipu ya meno ya plastiki haikupigana na Hitler. Mwisho, zima taa ya chumba uwashe ile ya kukagulia noti bandia: uzi na lebo za kisasa hung'aa buluu, pamba ya wakati ule hubaki imefifia. Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho hung'aa, na muuzaji atakimbilia hapo. Ila ngozi ya kondoo haitiwi kwenye beseni la sabuni, kwa hiyo lebo inayong'aa ndani yake haina utetezi huo.