Kumpokea Mtoto na Kumtuliza

Yatima wa Karagwe na Kyerwa wamezoea kuhesabiwa kwa mahitaji yao: sare, madaftari, ada, blanketi. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini inaficha historia nyingine. Katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba za eneo hili, lililokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, zilipokea watoto waliokwisha kuona mambo ambayo hata mtu mzima huyabeba kwa shida. Hoja yangu ni kwamba ukoo ulijitahidi sana kuwapokea. Kilichochelewa ni kuwatuliza, na kilichelewa kwa sababu mlezi mwenyewe aliachwa bila wa kumshika mkono.

Msiba wa kwanza ulikuwa ukimwi, ambao wagonjwa wake wa mwanzo nchini walitambuliwa hapa mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 ya watu wazima Bukoba mjini na asilimia 4.5 Karagwe. Tofauti ni kubwa, lakini karibu mtu mzima mmoja kati ya 20 bado ni wengi, na ugonjwa huo uliua polepole, ndani ya nyumba, watoto wakitazama na mara nyingi wakiuguza. Mwaka 1994 ukaja msiba wa pili. Wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kambi za Karagwe, zikiwemo Kagenyi na Rubwera, hadi serikali ilipowataka warudi kwao kufikia mwisho wa Desemba 1996. Mashirika yaliandikisha watoto waliopotezana na wazazi na kuwatafutia ndugu. Ilikuwa kazi ya thamani kubwa, ila orodha ya majina haimtulizi mtoto anayeshtuka usiku.

Watafiti waliofuatilia kaya za Kagera tangu 1991 hadi 2004 waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipungukiwa takriban mwaka mmoja wa shule na sentimita 2 za kimo. Hayo ndiyo yanayopimika. Yasiyopimika kwa rula huonekana jikoni: mtoto anaficha ndizi iliyopikwa chini ya mkeka, ingawa sufuria haijaisha. Bibi anayemwona mwizi atachukua fimbo. Anayetambua kwamba huyu aliwahi kulala njaa huku mama yake akikata roho atamwekea kipande chake kwenye sahani iliyofunikwa, amwonyeshe ilipo, na kesho afanye vilevile. Mtoto aliyejeruhiwa moyoni huponywa na mtu asiyebadilika-badilika, tena kwa siku nyingi.

Watakaosema malezi haya ni ya kigeni watazame Nshamba, wilaya jirani ya Muleba. Huko mradi wa Humuliza, ulioanza mwaka 1997 kwa msaada kutoka Uswisi, uliwafundisha walimu na walezi kumsikiliza yatima anapoomboleza. Fedha zilitoka nje, lakini waliofanya kazi hiyo ni watu wa hapa. Mwaka 2003 ukafuata mradi wa Kwa Wazee, uliowapa bibi wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, na tathmini ya mradi huo ilionyesha nafuu kwa bibi na kwa wajukuu pia. Somo lake linawajibu pia wanaodai kwamba maskini hana nafasi ya kuwaza mioyo ya watoto: mlezi akipunguziwa hofu ya chumvi na sabuni, hupata subira ya kumsikiliza mtoto.

Pingamizi zito zaidi ni la fimbo, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nakubali kwamba mtoto anahitaji mipaka, na aliyeumizwa anaihitaji kuliko wote, kwa kuwa dunia yake iliwahi kubomoka bila taarifa. Lakini kipigo humthibitishia kile anachoamini tayari, kwamba mtu mzima si wa kutegemewa. Mpaka unaowekwa kwa sauti tulivu, na kusimamiwa kila siku, humfundisha kinyume chake. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii au kamati ya kijiji inayopita nyumba kwa nyumba isiishie kuuliza mtoto amekula nini. Imuulize na mlezi analala vipi, anasaidiwa na nani, na lini mara ya mwisho alipumzika. Asipopata wa kumtuliza yeye, tutakuwa tunamdai utulivu ambao hatukumjengea.