Mfuko wa turubai na mikono ya ngozi: historia ya mzigo kwetu Kasongo na Kabambare

Tukiulizwa kazi za asili za kwetu, wengi tutataja ngoma, mikeka, vyungu na vitunga. Mshonaji hatumtaji, tunamwona kama fundi wa juzi tu. Lakini sindano imekaa Maniema zaidi ya miaka 150, na historia yake ina uzuri, ina na uchungu. Katika kurasa hizi tunaifuata kwa kitu kimoja kidogo: mfuko wa turubai lililopakwa nta, wenye mikono ya ngozi.

Kabla ya misafara ya pwani, wazee wetu hawakukaa uchi wala hawakukosa cha kubebea. Walifuma viramba kwa nyuzi za mwale. Nguo hizo zilivaliwa, zilitolewa mahari, na sokoni zilikuwa ni feza kabisa. Mizigo ilikwenda katika vitunga na makanda. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa la wanawake waliokuja na samaki, vyungu na chakula, wengine kwa kuvuka Lualaba.

Kisha ikaja merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za Salem zikaanza kuleta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza kitambaa hicho, viwanda vya Uingereza na Bombay vilichukua nafasi, lakini jina lilibaki. Hata wakati wa Wabelgiji dukani watu waliomba amerikani.

Merikani ilikuwa na vipimo vyake. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na jora moja lilikuwa karibu yadi 30. Majora yalifungwa kwa kamba na mkeka, yakapigwa mpaka yakawa magumu kama gogo. Fungu hilo ndilo mtumba. Waswahili wa pwani leo huita mitumba zile nguo kuukuu zinazotoka ng'ambo, na wachache wanakumbuka kwamba neno hilo lilitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka Kasongo.

Lilitembea kichwani mwa nani? Hapo ndipo hatupendi kufika. Mbung'o walizuia punda na ngamia katika sehemu nyingi za njia. Livingstone alijaribu wanyama mwaka 1866, na karibu wote walikufa. Basi mnyama wa mizigo akawa mwanadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alikaa Kasongo tangu karibu 1875, na mji ukakua, mashamba ya mpunga yakaenea, kanzu zikashonwa. Lakini pembe zilirudi pwani mabegani mwa watu, na wengi wao walikuwa wametekwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walifyatua bunduki sokoni Nyangwe; Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na uzito wa mtumba aliujua mpagazi.

Sisi tunaosema Kiswahili, tunaokula wali na kuvaa kanzu siku ya Idi, tunajisifu kwa uungwana tuliourithi. Si vibaya. Ila neno muungwana lilikuwa na maana kwa sababu pembeni yake alisimama mtumwa. Kati ya sisi kuna wajukuu wa wote wawili, na mara nyingi ni mutu mumoja.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliondoa utawala wa Waarabu. Kasongo ilichukuliwa na askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare ikafuata mwanzoni mwa 1894. Mzigo haukutua. Katika vita vya 1914–1918 Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili ili kufika Tabora, iliyoanguka mwezi wa Septemba 1916. Kambi ya askari ilikuwa na mahema, shanta na mizigo iliyofunikwa: ndiyo dunia ya turubai. Baadaye yalikuja malori, na turubai la lori likawa kitu cha kujulikana mpaka vijijini. Wengi kwetu wanaliita bashi.

Mwaka 1917 ikaja sheria ya kulima pamba kwa lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuiona. Mkulima alilima, akavuna, akabeba mpaka sokoni, akapewa bei iliyopangwa na wengine. Kiwanda cha Texaf kilianzishwa Léopoldville mwaka 1925, na kitambaa kikauzwa kwa watu walewale waliolima pamba. Mutu alinunua jasho lake kwa mita.

Basi tuje kwenye mfuko wenyewe. Turubai linalofaa ni lile la pamba. La plastiki halinywi nta. Fundi hukata kipande kirefu kimoja kinachopita chini, ili kitako kisiwe na mshono, kisha huongeza tabaka ya pili hapo chini. Pembeni hukunja kitambaa mara mbili na kupiga cherehani kwa mshono mrefu kidogo, maana matundu ya karibukaribu hukata kitambaa kama karatasi. Kushona kunatangulia nta. Tukiuliza sababu tunajibiwa: "Ukipaka kwanza, sindano inakwama juu ya nta."

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la digrii 63 hivi. Huwekwa katika kopo ndani ya maji ya moto, wala si juu ya makaa, kwa sababu nta hushika moto. Hupakwa ikiwa ya moto, kisha karatasi huwekwa juu na pasi ya makaa hupitishwa polepole mpaka nta izame. Maji yakimwagwa yakateleza kama juu ya jani la mgomba, kazi imekubali.

Mikono ya ngozi huja mwisho, maana pasi ingeikunja. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, hivyo hupigwa tabaka mbili. Fundi viatu wengine hutumia mkanda wa zamani. Matundu hutobolewa kwa msharasi, kisha uzi mmoja wenye sindano mbili hupita kila tundu kutoka pande zote. Upande mmoja ukikatika, wa pili unashika. Cherehani haiwezi hiyo.

Mfuko kama huo unabeba kilo za mchele katika mvua, na ukichakaa unapakwa nta tena. Tangu amri ya tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kongo imekataza kutengeneza na kuuza mifuko ya plastiki, lakini masashe bado yanaziba mitaro yetu. Kijana mwenye cherehani, nta ya walina asali na kipande cha ngozi anaweza kujipatia chakula.

Tunaomba wazazi na walimu wa ushonaji wamufundishe kijana huyo mambo mawili pamoja: jinsi ya kukaza uzi, na habari ya wale waliobeba mtumba bila kuuliza bei. Akijua la kwanza peke yake atakuwa fundi. Akijua yote mawili, siku mnunuzi atakapomwambia apunguze mpaka nusu, atajua kwa nini akatae.